Ndugu Mhariri, tuhesabu choo cha pili

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme jambo moja kuhusu vyoo vya vijijini. Taarifa za usafi wa mazingira zinazosomwa kwenye vikao vya kata huanza na idadi ya kaya zenye choo, na msomaji wa taarifa hushangiliwa idadi ikipanda. Sisi mafundi na wahudumu wa afya wa Kanda ya Kati hatuna ugomvi na idadi hiyo, ila inahesabu choo cha kwanza tu. Choo cha kwanza mtu huweza kukichimba kwa kumwogopa mtendaji, kwa kuona haya mbele ya majirani, au kwa sababu mradi umeleta saruji. Cha pili, kinachotakiwa baada ya kile cha kwanza kujaa au kutitia, hakina wa kukisimamia. Hapo ndipo watu wanarudi vichakani kimyakimya, na daftari la kijiji linaendelea kuwaandika kuwa wana choo.

Tanzania si mgeni katika habari hii. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakashika majembe. Mwaka 2017 ikaja Nyumba ni Choo, na 2024 jina la Mtu ni Afya likarudi tena. Kuchimba shimo, basi, ni kazi ambayo vijiji vyetu vinaijua kwa nusu karne. Tatizo ni muda ambao shimo hilo linadumu na kinachofuata likishakwisha. Mwaka 2013 shirika la Plan International lilitoa matokeo ya utafiti wake katika vijiji vya Kenya, Uganda, Ethiopia na Sierra Leone ambavyo vilikuwa vimeshatangazwa kuwa hakuna tena anayejisaidia ovyo. Kaya 87 kati ya kila 100 zilikutwa bado zina choo kinachotumika. Si haba. Lakini yalipopimwa masharti yote pamoja, mfuniko kwenye tundu na maji ya kunawia yakiwemo, kaya 92 kati ya 100 zilianguka.

Tuanze na hesabu ambayo haifanywi mkutanoni. Katika shimo kavu, mtu mmoja huongeza kama lita 60 kwa mwaka baada ya maji kunywea ardhini na uchafu kuoza. Wanaojifuta kwa magunzi, mawe au karatasi ngumu hufika lita 90. Shimo la mviringo lenye upana wa sentimita 90 na kina cha mita 3 lina nafasi ya lita 1,900 hivi, lakini nusu mita ya juu hairuhusiwi kujazwa, kwa hiyo zinabaki kama 1,590. Kaya ya watu sita itaweka lita 360 kwa mwaka, nayo itakaa na shimo hilo miaka minne na miezi kadhaa. Kaya ileile ikitumia magunzi haifikishi miaka mitatu. Wakitupia humo pampasi, chupa na mifuko ya plastiki, hesabu yote inavurugika, maana vitu hivyo haviozi wala havishuki.

Sasa fikiria kijiji kilichochimba vyoo vyote katika msimu mmoja wa kampeni. Mashimo yale yana umri mmoja na karibu kina kimoja, kwa hiyo yatajaa karibu kwa pamoja, la kwanza na la mwisho yakipishana pengine miezi kumi na minane. Mradi umeshafunga ofisi, saruji imepanda bei, na mchimbaji mmoja wa kitongoji anatakiwa na nyumba arobaini kwa wakati mmoja. Wakuu wakiona hali hiyo husema wananchi hawana mwamko. Sisi tunasema hesabu ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, hakuna aliyeitaka.

Dawa yake ni ndogo. Kila mwaka, mwezi wa Juni, chukua mti mrefu mkavu wenye alama kila sentimita 50, ushushe kwenye tundu mpaka uguse uchafu, usome umbali kutoka sakafuni. Katika shimo lile la kaya ya watu sita uchafu hupanda kama sentimita 57 kwa mwaka. Ikibaki mita moja, umebakiwa na muda usiofika mwaka, na shimo jipya linatakiwa kuanza kiangazi hichohicho. Mti huo uwekwe nyuma ya choo usishikwe na watoto, au uchomwe moto baada ya kupima.

Kuhusu ujenzi tutaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu vyoo vingi tunavyoviona vimekufa vingeweza kuhimili kwa mfuko uleule wa saruji uliotumika.

Mfuko mmoja wa kilo 50, ukipimwa kwa ndoo na si kwa macho, unatosha mkanda wa mdomo wa shimo na bamba la sakafu. Anza na mkanda. Sawazisha ardhi mahali palipoinuka, chora duara la upana wa sentimita 90 kwa ndani na 120 kwa nje, zungushia matofali kama kalibu, mwaga zege la unene wa sentimita 7 hadi 8. Hapo inaingia nusu ndoo ya lita 20 ya saruji na ndoo mbili na nusu za mchanga wenye changarawe. Zungushia ndani yake duru mbili za waya mnene. Loweka kwa wiki moja, ndipo uchimbe kwa ndani. Wengi huchimba kwanza halafu wakatafuta cha kufunika, na mdomo wa shimo unakuwa umeshapasuka kabla ya sakafu kufika. Mkanda ukitangulia, udongo wa juu unashikwa tangu mwanzo, na bamba linapata mahali pa kukalia.

Bamba ni la sentimita 120 kwa 120, unene sentimita 6. Vipimo ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga wa mtoni uliooshwa, tatu za kokoto ndogo, na maji yasiyozidi lita 15. Maji ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Zege la uji linamwagika kwa raha na linajisawazisha lenyewe, lakini likikauka linabaki na vitundu, halina nguvu. Linalofaa ukilifinyanga mkononi linashikana bila kuchuruzika. Nondo za milimita 8 zikatwe vipande vya mita 1.1, vinane kwenda na vinane kukatisha, nafasi ya sentimita 15; nondo mbili za mita 12 zinatosha. Penye tundu, sogeza nondo pembeni badala ya kuzikata ovyo, na uongeze vipande vifupi kuzunguka tundu.

Nondo zikae chini, sentimita 2 kutoka tako la bamba, zikiwa zimeegemea vijiwe. Mtu anaposimama katikati, bamba huinama na upande wake wa chini ndio unaovutika, na zege halivumilii kuvutwa. Anayevumilia ni chuma. Tumeona mabamba ambayo nondo zimepandishwa karibu na uso wa juu. Hayo yanabeba kama vile hayana nondo kabisa. Tumeona na yale ambayo nondo zimelazwa juu ya nailoni moja kwa moja. Upande wa chini unabaki wazi, mvuke wa shimo unazila kutu, na baada ya misimu michache vipande vya zege vinaanza kudondoka ndani. Anayesimama juu haoni kitu.

Tundu liwe na upana wa sentimita 15 hadi 17 na urefu wa 30 hadi 35. Likizidi upana huo mtoto wa miaka mitatu anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Weka umbo la ubao kabla ya kumwaga, ulitoe zege likianza kukaza. Uso wote uinamie tundu kidogo, kama sentimita 2, kisha piga niru, yaani sugua uso uwe laini, kwa saruji iliyobaki mfukoni. Niru si urembo. Sakafu yenye mikwaruzo inanyonya mkojo, inanuka hata ikioshwa, na harufu hiyo ndiyo inayowafukuza watu chooni kabla ya kitu kingine chochote. Pembeni zamisha vishikio vinne vya vipande vya nondo. Bamba hilo lina uzito wa karibu kilo 200, na bila vishikio hakuna atakayelihamisha shimo likijaa. Litazikwa palepale na mfuko wako wa saruji.

Lifunike kwa magunia mabichi, umwagilie asubuhi na jioni kwa siku saba. Upepo wa Dodoma na Singida wa Julai hukausha zege upesi kuliko linavyoiva, nyufa zake ni nyembamba kama nywele na huonekana baadaye. Siku ya nane weka kingo zake juu ya matofali, wasimame watu wanne kwa pamoja. Likilia au kuonyesha ufa, limepasukia juani na si juu ya shimo.

Asiyeweza bamba kubwa anayo njia nyingine ambayo ilianzia Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970: bamba dogo la sentimita 60 kwa 60, unene sentimita 5, halina nondo, linakaa juu ya sakafu ya miti na udongo mahali pa tundu tu. Mfuko mmoja hutoa matano hadi sita. Lina kilo 40 na kitu, hubebwa kwa baiskeli, na kaya ikihama shimo inahama nalo. Udhaifu wake ni ile miti. Mchwa huanzia mahali mti unapogusa udongo, hula ndani na kuacha ganda. Njia ya kumkamata ni kugonga mti kwa nyuma ya panga. Mti mzima unalia kavu, ulioliwa unalia mtupu. Tazama pia vijinjia vya udongo vinavyopanda kwenye kingo. Oili chafu ya gari husaidia kwa msimu mmoja au miwili, haimalizi kazi. Magogo ya mti laini yasitumike kwa sakafu ya choo hata kama ndiyo yaliyo karibu.

Shimo lenyewe linategemea udongo. Kwenye kichanga, usichimbe shimo refu bila kujengea. Shimo la kichanga linaweza kumfukia mchimbaji, na anayeruka kumwokoa hufukiwa naye. Jengea matofali kutoka chini, ukiacha viungo vya wima bila udongo wa kujengea ili maji yapite, ila mita moja ya juu ijengwe kwa saruji bila nafasi. Mapipa ya bati hayafai, kutu inayala kwa miaka michache na pipa linajikunja. Kwenye udongo wa mbuga, kama wa Bahi, taabu ni nyingine: masika unavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mkono, na kuta zinasukumwa ndani. Huko shimo liwe jembamba, lijengewe lote. Maji yakiwa karibu, kama bonde la Kilombero au Kyela, usishindane nayo kwa kwenda chini. Chimba mita moja na nusu tu, kisha pandisha kuta mita moja juu ya ardhi na kuzungushia tuta la udongo ulioshindiliwa, na ngazi za kupandia. Tako la shimo lisikaribie maji ya chini kwa mita 1.5 hata mvua zikiwa nyingi, na kisima kiwe mita 30 au zaidi, upande wa juu wa mteremko.

Maji ya kuoga ni adui asiyetajwa. Kaya nyingi zinaogea chooni kwa sababu ndipo penye kuta. Watu sita wakimwaga ndoo mojamoja kwa siku, shimo linapata lita 120 ambazo halikupangiwa. Penye kichanga yanapita na kulainisha kuta mpaka ziporomoke. Penye mfinyanzi yanabaki na kujaza. Weka bafu ubavuni, ukuta mmoja utumike na vyote viwili, maji yake yatoke kwa kimfereji kwenda kishimo cha mawe mita kadhaa mbali, au kwenye mgomba.

Kwenye choo cha bomba la hewa, kilichobuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970, tunakuta makosa yaleyale kila wilaya. Upepo unaopita juu ya bomba unavuta hewa kutoka shimoni, hewa mpya inaingia kwa tundu la sakafu, kwa hiyo harufu haipandi chumbani. Inzi walio shimoni hufuata mwanga. Chumba kikiwa na giza, mwanga pekee wanaouona uko juu ya bomba, wanapanda, wanakutana na wavu, wanafia hapo. Sasa angalia yanayofanyika: mtu ananunua bomba la inchi 2 kwa sababu ni rahisi, na hewa haipiti. Mwingine analikatia chini ya paa, wakati linatakiwa kupita kilele cha paa kwa sentimita 50. Mwingine hakuweka wavu, au ameweka wa nailoni ambao jua na gesi vimeumaliza kwa mwaka, hivyo bomba limegeuka mlango wa inzi. Na wengi wanaambiwa waweke mfuniko kwenye tundu kwa kuwa fomu ya ukaguzi ina kisanduku cha mfuniko. Choo cha bomba la hewa kikifunikwa tundu, hewa inakatika, bomba halina kazi tena. Mfuniko ni wa choo kisicho na bomba. Fomu ibadilishwe. Bomba la inchi 4 au zaidi, wavu wa waya usioshika kutu, chumba chenye giza, basi.

Sinki dogo la plastiki lenye kilango kinachojifunga kwa uzito wake, maarufu kwa jina la Sato, limesaidia sana kwa sababu linaziba harufu na inzi kwa maji kidogo, na watoto hawaliogopi. Lakini kabla ya kulipeleka kijijini uliza watu wanajifuta kwa nini. Gunzi moja linakwama kwenye kilango, mtu wa pili analisukuma kwa mti, kilango kinang'oka, na kuanzia hapo ni tundu la kawaida la bei ghali. Penye maji ya kujisafishia linafaa. Pasipo na maji, tundu kavu lenye mfuniko na kopo la majivu litadumu zaidi. Majivu yamwagwe kikombe kimoja kila baada ya haja kubwa. Yanakausha, yanapunguza harufu na inzi. Anayelifunga sinki hilo aangalie asiruhusu saruji kushuka chini ya kilango, maana likishagandiwa ni kuvunja.

Shimo likishajaa, njia ziko tatu na zote zinahitaji mipango ya awali. Unaweza kuhamisha bamba kwenda shimo jipya na kufukia la zamani kwa nusu mita ya udongo ulioshindiliwa. Unaweza kuwa na mashimo mawili ya kupokezana, moja likifungwa si chini ya miaka miwili kabla ya kuzoa, kwa sababu mayai ya minyoo hukaa hai muda mrefu kuliko harufu. Na iko ya tatu, nzuri kwa wenye ardhi ngumu na nafasi ya kutosha: shimo la mita moja tu, kila siku udongo na majivu yakitupiwa, na baada ya miezi sita hadi kumi na miwili linafukiwa kwa sentimita 15 au zaidi za udongo mzuri, unapandwa mpapai au mgomba, choo kinasogea mbele. Kibanda chake kiwe chepesi. Njia hii haitaki fundi, na ndiyo pekee ambayo choo cha pili kimo ndani ya mpango wa cha kwanza. Kinachokatazwa ni kutapisha, yaani kutoboa shimo mvua inaponyesha ili uchafu uondoke na maji. Unakwenda kwa jirani wa chini na kisimani kwake. Na mtu yeyote asiingie shimo la zamani kwa ngazi kutafuta simu au kuku. Hewa ya humo inaua bila kelele.

Sasa matumizi. Choo kinaweza kuwa kizima na kisitumiwe na nusu ya kaya. Katika jamii kadhaa, wakiwamo Mijikenda wa pwani ya Kenya, baba mkwe na mkamwana hawachangii choo. Mkaguzi anahesabu choo kimoja kwa kaya, na mkamwana anaendelea kwenda porini. Hakuna haja ya kubishana na mila hiyo kwa hotuba. Ulizeni wenyewe: kama mwiko ni kuonana mlangoni, vyumba viwili vyenye milango inayotazama pande tofauti juu ya shimo moja vinatosha, kama mwiko ni uchafu kuchanganyika, yatakiwa mashimo mawili, na yapangwe hivyo tangu mwanzo. Mzee asiyeweza kuchuchumaa anahitaji kiti chenye tundu na mti wa kushikilia ukutani, mlango wa sentimita 90, na njia isiyo na kisiki. Vinginevyo atajisaidia nyuma ya nyumba, na watu watasema ni uzee.

Mavi ya mtoto mchanga wengi huyaona hayana neno. Yana vijidudu vilevile. Nepi ya kitambaa ifuliwe, maji yake yamwagwe chooni. Mtoto aliyeanza kukaa apewe poti, nalo limwagwe chooni papo hapo, si kwenye jalala ambalo kuku wanaparua.

Sababu zinazotolewa mikutanoni nazo ni za jumla mno. "Magonjwa ya mlipuko" mtu ameyasikia mpaka hayamgusi. Mfugaji wa nguruwe wa Mbulu au Mbozi mwambie hivi: nguruwe anayezurura akila mavi ya mtu mwenye tegu, anapata malengelenge kwenye nyama, mnunuzi anaikataa, na mayai ya tegu yakimwingia mtu mdomoni yanaweza kwenda kwenye ubongo yakamletea kifafa. Funga nguruwe, tumia choo, vyote viwili, maana kimoja hakitoshi. Kwa mama wa Kongwa, ambako trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, inajulikana kwa miaka mingi, mwambie kwamba yule inzi anayetua machoni mwa watoto huzaliana zaidi kwenye mavi ya binadamu yaliyoachwa wazi juu ya ardhi, na shimoni hazaliani. Hapo hata choo cha nyasi kina faida inayoonekana usoni mwa mtoto.

Kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linaloinamishwa kwa kukanyaga kijiti, kinastahili aya yake kwa sababu ndicho kinachokufa wa kwanza. Dumu la lita 5, tundu la msumari uliochomwa moto, sentimita 12 kutoka kwenye tako, upande wa mbele. Miti miwili yenye panda, ya mita 2, ikizikwa nusu mita na kuachana sentimita 70. Mti wa kupitisha dumu, kamba kutoka shingoni kwenda kwenye kijiti cha kukanyagia. Tundu likiwa chini sana maji yanavuja siku nzima. Kamba ya katani inakatika kwa kusuguana, tumia ya mpira wa tairi la baiskeli. Sabuni ikining'inizwa wazi kunguru anaichukua. Itobolewe, ifungwe ndani ya kipande cha wavu, au weka majivu kwenye kopo. Na zaidi ya yote ateuliwe mtu wa kulijaza. Dumu lisilo na mwenyewe halina maji.

Sheria ndogo za kijiji zina kazi yake, lakini faini peke yake inazaa kitu ambacho kila bwana afya anakijua: choo cha kuonyesha. Utakitambua. Hakina njia iliyokanyagwa. Tundu lina utando wa buibui. Hakuna majivu, hakuna magunzi, hakuna harufu, na ndani kumeegemezwa majembe au kuku kaatamia. Mkaguzi anayekaa barabarani akihesabu mapaa atakiandika. Faini ikusanywe baada ya kaya kupewa kiangazi kizima, na iingie kwenye mfuko wa saruji wa kijiji, si kwenye shajara isiyosomwa mkutanoni. Vikoba vinaweza kufanya zaidi ya faini. Wanachama wakikopeshana saruji baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, fundi mmoja anapiga mabamba yote mahali pamoja kwa kalibu moja, na ubora unasimamiwa na macho ya wengi. Kaya za wazee na walemavu zichimbiwe na kitongoji ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambayo kwa kawaida huishia kwenye kufagia mbele ya ofisi.

Shuleni tuseme kwa ufupi: tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25 ndicho kiwango, lakini tundu lisilo na mlango wenye komeo kwa ndani, ndoo ya maji na mahali pa kutupa pedi halihesabiki kwa msichana.

Tunaloomba kwa halmashauri, na kwa gazeti lako lisaidie kuliuliza, ni safu nne za ziada katika rejesta ya vyoo: mwaka shimo lilipochimbwa, kina na aina ya udongo, kipimo cha Juni, na mwaka choo cha pili kilipochimbwa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuzijaza kwa mti wa kupimia wa kila kaya akipita nyumba kwa nyumba. Orodha ya mashimo yaliyobakiza mita moja isomwe kwenye mkutano wa kijiji wa Julai, kwa kitongoji na bila kutaja majina ya kaya, ili wachimbaji na fundi wapangiwe zamu, na bamba la mwisho liwe limekwisha kumwagiliwa siku zake saba kabla ya mvua za Novemba.

Ni sisi,
Mafundi wa vyoo na wahudumu wa afya ngazi ya jamii,
Kanda ya Kati